Mama Nyota, Mafundo ya Liboke na Barua Niliyoisoma Vibaya

Mama Nyota Mohamadi, mpishi wa Kituo Tuinuke hapa Simi-Simi, amestaafu leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, saa nane mchana, baada ya kututumikia miaka ishirini na mitano. Hadi Julai mwaka huu ofisi kuu ya Kinshasa ilikuwa inashikilia kwamba ni miaka kumi na minne. Sisi tunaokula chakula chake tulisema ishirini na mitano, na asiyeamini aje ahesabu masufuria yaliyotoboka. Miaka kumi na moja si kitu cha kupotea hivi hivi kwenye cheti cha mtu, tena mtu aliyefungua jiko kila siku saa kumi na mbili asubuhi, iwe mvua iwe jua. Aliyeipoteza ni mimi, Patrice, mwandishi wa ripoti za kituo, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kama adhabu.

Tuanze mwanzo. Mama Nyota ni mzaliwa wa mji huu, wa zile familia za Kiislamu ambazo zimekuwa hapa tangu babu wa babu zao. Aliajiriwa Agosti 2000, miezi miwili baada ya Vita vya Siku Sita, vile vilivyopiganwa humu humu mjini kwetu, wakati kituo kilikuwa turubai moja, watoto arobaini, na ubao ulioandikwa jina la kituo kwa makosa. Tangazo la kazi lilitaka mpishi mwenye uzoefu wa miaka mitano na cheti. Yeye alikuja na sufuria. Aliyekuwa anaajiri aliitazama sufuria, akawatazama watoto, akasema aanze saa hiyo hiyo.

Kituo chetu, kwa wageni wasiokijua, kinapokea watoto na vijana waliopitia mambo ambayo mtu mzima asingeyasimulia akiwa ameketi. Wanakaa hapa hadi familia ipatikane, au hadi wao wenyewe wawe tayari kwenda. Kazi yetu ni kuwasaidia wasimame tena. Kwa kazi hiyo tuna mratibu, Papa Évariste, mwenye mihuri mitatu, tuna washauri, tuna chumba cha kusikiliza chenye mazulia, na tuna kabati la fomu. Jikoni hakukuwa na fomu hata moja. Nataja tu, sina maana mbaya.

Fomu yetu kubwa inaitwa Sura Tano. Ni sura tano zilizochorwa, kuanzia inayocheka hadi inayolia, na mtoto anazungushia duara ile inayofanana na moyo wake. Watoto walizungushia ile ya katikati kwa sababu, walituambia, inafanana na Papa Évariste. Mtoto mmoja aliuliza sura ya njaa iko wapi. Mimi nilijumlisha maduara hayo kila robo mwaka na kupeleka asilimia Kinshasa, na robo moja watoto wetu walisimama tena kwa asilimia mia na nne, kwa kuwa mapacha wawili walijaza mara mbili mbili. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipata barua ya pongezi.

Mama Nyota hakujaza fomu. Siku ya radi kubwa ya mwaka 2009, watoto wapya waliposikia mshindo wa kwanza, waliingia wote chini ya meza, sahani zikabaki juu peke yake. Washauri walikimbilia kabati kutafuta mwongozo. Mama Nyota alichukua sahani moja moja akawapelekea huko huko chini, bila maneno, kana kwamba nyumba hii ndivyo ilivyozoea kula. Papa Évariste naye alikuwa chini. Alipewa sahani yake. Mvua ilipopungua, mama akatangaza kwamba chai inatolewa juu ya meza tu. Wakatoka mmoja mmoja. Papa Évariste alitoka wa mwisho, na alikunywa vikombe viwili.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa ya Jumatatu, siku ya samaki. Jumatatu anapika maboke, samaki ndani ya majani mapana, na sheria ya jiko lake ni kwamba kila mtoto anafunga liboke lake mwenyewe kwa kamba, kwa fundo lake mwenyewe, ili alitambue likitoka kwenye makaa. Mwanzoni alifanya hivyo kuondoa ugomvi. Baadaye aliona kitu ambacho sisi wenye mazulia hatukukiona: mtoto mgeni anafunga mafundo mengi. Saba, tisa, mengine juu ya mengine, hata samaki haonekani, liboke lote ni kamba. Wiki zinapita, mafundo yanapungua. Mama Nyota hakumfungulia mtoto fundo hata moja, na hakuruhusu mtu mwingine afungue. Kama mtoto anahitaji nusu saa kufungua mafundo yake tisa, jiko zima linasubiri nusu saa, na Papa Évariste na mihuri yake anasubiri pia.

Ulipomuuliza Mama Nyota mtoto fulani anaendeleaje, hakukupa asilimia. Alisema tu, huyu alikuwa na nane, sasa iko na tano, muache kwanza.

Mambo mazuri hayawezi kukaa jikoni bila kufuatwa na wataalamu, kwa hiyo mwaka 2012 alikuja Mademoiselle Nadège, mtaalamu wa nafsi kutoka Kinshasa, mtu wa moyo mzuri na kalamu nyingi. Alipoyaona mafundo alifurahi mpaka akakaa chini. Ndani ya mwezi mmoja tukawa na Kifaa cha Mafundo, chenye jedwali, rangi tatu, na mafunzo ya siku mbili kwa wapishi wa vituo vyote. Fundo moja, kijani. Watoto si wajinga jamani! Jumatatu iliyofuata maboke yote arobaini na sita yalikuja na fundo moja moja, yakafunguka kwenye makaa, samaki wakaanguka majivuni, na nusu ya kituo ikala wali mtupu. Nadège aliandika kijani tupu. Mama Nyota alimwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba fundo si mutihani, mutoto akijua unahesabu, anakuhesabia wewe. Nadège, kwa sifa yake, alilichana lile jedwali mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshalituma Kinshasa.

Sasa tunafika mwaka 2014, na hapa naomba msomaji aniangalie kwa huruma kidogo.

Mwaka ule neno lililovuma lilikuwa résilience, yaani ile nguvu ya mtu kusimama tena. Kila barua ilikuwa nalo, kila mgeni alishuka nalo kwenye ndege. Tukaitwa kwenye semina ya siku tatu, katika ukumbi wa hoteli moja mjini, kazi ikiwa ni kulitafutia neno la Kiswahili. Siku ya kwanza tulikubaliana kwamba ni muhimu. Siku ya pili likapendekezwa neno ustahimilivu; Papa Évariste akasema halitaenea kwenye kifua cha fulana. Likaja uvumilivu, likakataliwa kwa kuwa neno hilo tayari tunalitumia kwa umeme. Likaja kujikaza, na ukumbi ukaanza kupiga makofi, mpaka Mama Nyota, aliyekuwa amealikwa kusaidia chakula cha mchana, akasema akiwa amebeba sinia kwamba kujikaza ndilo tunalomwambia mutoto wakati tunamuchapa. Makofi yakafia hewani. Siku ya tatu tukaamua kwa kauli moja kuliacha kwa Kifaransa, tukagawiwa fulana zenye neno RÉSILIENCE kifuani, tukarudi nyumbani tumeshiba. Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 8 Agosti.

Jumatatu, tarehe 11, barua ikafika kutoka ofisi kuu. Nilikuwa nimevaa fulana. Niliifungua pale uwanjani, mbele ya jiko, watoto wakiwa wanafunga maboke yao, na macho yangu yakaona juu kabisa maneno ya Kifaransa, ambayo niliyasoma kwa sauti: résilience, Mama Nyota Mohamadi, kuanzia leo. Sikuendelea. Kwa nini niendelee? Nilipaza sauti kwamba ofisi kuu inautambua rasmi ujasiri wa mama yetu, vigelegele vikapigwa, Papa Évariste akagonga muhuri hapo hapo juu ya sufuria iliyofunikwa, na tukamfunga kikwembe kipya kiunoni. Mama Nyota akaipokea barua, akaisoma taratibu mstari kwa mstari, akaikunja, akanirudishia. Akasema asante. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Barua ilikuwa imeandika résiliation. Maana yake kuvunja mkataba. Jiko la kituo lilikuwa limefutwa kwenye mpango, watoto wangeletewa biskuti za boksi, na mpishi alikuwa ameachishwa kazi kuanzia siku hiyo.

Mtu atauliza ofisi kuu haikugundua vipi. Bon, huo nao ni ufundi wetu. Papa Évariste aliandika barua ya shukrani ya kurasa mbili kwa heshima waliyompa mpishi wetu. Kule Kinshasa hakuna aliyekumbuka heshima gani, lakini neno résilience lilikuwa ndani mara tisa, na mwaka ule neno hilo lilikuwa halikataliwi. Wakalifungulia mradi. Mradi wa résilience, mhusika Mama Nyota Mohamadi, na mshahara wake na pesa za jiko zikawa zinatoka humo. Kwa hiyo kwenye kabati moja alikuwa ameachishwa, na kwenye kabati la pili, hatua kumi mbele katika korido ile ile, alikuwa mfano wa taifa zima. Biskuti zilikuja. Tulizila wafanyakazi.

Mimi nilikuja kulijua kosa mwaka 2017, paa lilipovuja nikawa nahamisha makaratasi. Nikaisoma barua ile kwa mara ya pili, safari hii mpaka chini. Nikaisoma mara ya tatu, herufi kwa herufi. Ningesema nini? Ningekwenda kwa Papa Évariste nimwambie kwamba mpishi anayetulisha hayupo? Niliirudisha barua chini kabisa ya kabati, chini ya kalenda za zamani, na kila nilipomsalimia Mama Nyota asubuhi niliona aibu, nikaongezewa wali, nikaona aibu zaidi.

Miaka ikaenda. Juni mwaka huu ofisi kuu ikapitia majina ya wanaostaafu, ikafungua lile kabati la kwanza, ikatuandikia kwamba Bibi Nyota Mohamadi aliacha kazi tarehe 11 Agosti 2014, kwa hiyo cheti chake kitakuwa cha miaka kumi na minne, na isitoshe hawezi kustaafu mtu ambaye hayupo kazini. Hapo nikajua siku yangu imefika. Mwanamke amezeeka mbele ya moto wetu, halafu karatasi inamwambia kwamba kumi na moja kati ya miaka hiyo hakuwepo! Nilikasirika kweli, kisha nikakumbuka wa kukasirikiwa ni nani.

Nikaenda jikoni na barua mkononi, Jumatatu moja ya Julai, alipokuwa anaosha majani. Nilimweleza yote, fulana, uwanja, kalenda. Nilimwomba msamaha kama mtoto. Yeye akaendelea kuosha majani yake. Alipomaliza jani la mwisho akanitazama akasema, nanukuu kwa sababu sitaki kuharibu: “Patrice, mutoto yangu, we unazani mimi sikujua? Papa yangu alikuwa karani. Neno hiyo alikuwa anaipiga kwa mashine kila mwezi, barua ya kufukuza watu ndani ya nyumba. Nilisoma, nikajua, bon, kazi imeisha.”

Tumeishi miaka yote tukiamini kwamba mpishi hasomi Kifaransa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Na pale uwanjani, kati ya wasomi wote wenye fulana, aliyeisoma barua sawasawa alikuwa yeye peke yake.

Nikamuuliza, sasa mama, kesho yake ulirudi kufanya nini?

Hapa ni lazima nimtaje Gédéon. Alifika kwetu mwanzoni mwa 2014 kutoka upande wa Banalia, ana miaka kumi na mmoja, baada ya watu wenye bunduki kupita kijijini kwao. Alikaa msituni wiki nyingi. Kwenye Sura Tano alizungushia zote. Jikoni alifunga mafundo kumi na mawili, idadi ambayo haijavunjwa mpaka leo, na alipoyafungua alikula samaki mzima mara moja, majani nusura ayale pia. Hakuacha kitu kwa ajili ya baadaye. Mkate, ndizi, hata chumvi ukimpa mkononi, ilimalizwa pale pale akiwa amesimama. Washauri waliandika kwamba ana ulafi. Mama Nyota alisema mutoto huyu haamini kama kesho iko, basi.

Aliyoniambia jikoni ni haya. Siku ile ya barua, wakati sisi tunapiga vigelegele, Gédéon alikuwa amekuja nyuma ya jiko na liboke lake limeiva. Lilikuwa na fundo moja. Halikuwa la mutihani, maana jedwali lilikwisha kuchanwa zamani. Akampa mama mkononi, akamwambia, “Mama, uniwekee. Hii nitakula kesho.”

“Sasa, Patrice,” akaniambia Mama Nyota, “mutoto amesema kesho. Kesho nani angefungua jikoni? Biskuti?”

Akarudi Jumanne akafungua. Gédéon alikuja saa kumi na mbili na nusu, akaliona liboke lake pale lilipo, akafungua lile fundo moja, akala amekaa. Jumatano alikuja mtoto mwingine mwenye mafundo tisa. Alors, ndivyo miaka kumi na moja ilivyokwenda. Nililia jikoni, naandika bila kuficha, na aliyenipa kitambaa aliniambia nisidondoshe machozi kwenye majani yaliyokwisha kuoshwa.

Siku ile ile nikaandika Kinshasa. Nilikiri kosa langu kwa kurasa nne, kisha nikaambatanisha majalada ya ripoti zao wenyewe za kila mwaka tangu 2015, ambayo manne kati yake yana sura ya Mama Nyota anacheka na mwiko, chini yake wameandika kwa herufi kubwa jina la ofisi yao. Niliuliza kwa heshima zote kama tuwatangazie wafadhili kwamba mama huyu hakuwahi kuwa mfanyakazi. Jibu, ambalo kwa kawaida huchukua miezi mitano, lilichukua siku mbili. Miaka yote ishirini na mitano ilitambuliwa. Cheti kingechapishwa Kinshasa, karatasi nzito, ukingo wa dhahabu.

Cheti kilifika jana kwa ndege. Leo kwenye sherehe Papa Évariste alikifungua mbele ya watu wote, akakisoma kwa sauti yake ya mihuri, na alipofika katikati akapunguza mwendo. Kimeandikwa: kwa heshima na shukrani, Mama Nyota Mohamadi, kwa miaka ishirini na mitano ya résiliation. Nikasimama kusema kitarudishwa leo leo kusahihishwa, na wakati huu naapa kosa si langu. Mama Nyota alikuwa anacheka mpaka kilemba kinataka kuanguka. Akasema, “Wacha, wacha ivyo. Neno hiyo imenitumikia vizuri.” Kimebaki hivyo, na kitatundikwa sebuleni kwake.

Chakula cha sherehe kilikuwa maboke, na kila mtu, pamoja na wageni wa mkoa, alifunga la kwake. Samaki waliletwa na Gédéon mwenyewe, ambaye leo ni kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa injini kwenye mashua za Yangambi, na aliyekuja na mchumba wake Benie ili mama amkague. Papa Évariste alifunga manne na muhuri. Mimi nilifunga saba. Nilikuwa sijatulia bado kwa ajili ya cheti. Gédéon alifunga moja, akala polepole, akabakiza kipande cha kula kwenye mashua.

Mama Nyota, kituo kizima kinakushukuru: kwa watoto uliowalisha chini ya meza na juu ya meza, kwa nusu saa zote ulizotusubirisha, na kwa kujua kusoma. Pumzika, ulale mpaka jua lichome dirisha, wajukuu wakupikie wewe. Afya njema na nyumba yenye amani ndiyo dua yetu kwako.

Ninamalizia kuandika saa kumi na moja jioni, wageni wameondoka. Angélique, mpishi mpya, amenijia sasa hivi na swali. Amekuta liboke moja kwenye rafu ya jikoni, halijafunguliwa, lina fundo moja, na anauliza ni la nani ili alipashe moto. Nimemwambia asiliguse. Mama Nyota mwenyewe ameliacha pale alipokuwa anaaga, akasema atakula kesho.